Kwa nini ini lilichelewa kufikiwa na kisu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba ini hukua tena hata likikatwa zaidi ya nusu, na kwamba Wagiriki wa kale walilijua hilo, ndiyo maana wakasimulia habari za Prometheus anayeliwa ini na tai kila siku na kila siku linarudi. Kama ndivyo, mbona upasuaji wa ini ni wa juzijuzi tu? Miguu ilikatwa, mawe ya kibofu yalitolewa, hata kidoletumbo, lakini ini likaachwa. Walikuwa wanangoja nini?

Jibu: Marahaba. Mpasuaji wa zamani hakupata faida yoyote kutokana na ini kukua tena, kwa sababu mgonjwa wake hakuishi muda wa kutosha kulisubiri. Alifia mezani, au usiku uleule, kwa kuvuja damu. Ukitaka kuielewa historia hii, fuata damu. Na kilichokuja kuizuia kwa uhakika ni ramani ya ndani ya ini, ambayo ilichukua karne tatu kukamilika.

Lakini kwanza tumalizane na Wagiriki. Hadithi ya Prometheus haithibitishi kwamba kuna tabibu aliyewahi kukata ini akaliona limerudi. Inaonyesha tu ini lilivyotukuzwa. Huko Babeli makuhani walichinja kondoo na kusoma ini lake ili kubashiri yajayo. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna mfano wa ini la kondoo uliofinyangwa kwa udongo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, umegawanywa katika miraba midogo, na kila mraba una ubashiri wake. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba chakula hugeuzwa damu ndani ya ini, na fundisho hilo lilitawala kwa zaidi ya miaka 1,000. Majaribio yenyewe ya kukata ini na kuangalia kinachofuata yalikuja mwishoni mwa karne ya 19, pale Emil Ponfick wa Ujerumani alipokata maini ya sungura. Mwaka 1931 Higgins na Anderson, nchini Marekani, waliondoa takribani theluthi mbili za ini la panya na kuona uzito wake ukirudi ndani ya wiki chache.

Hapo nirekebishe jambo moja mnalofundishwa kwa haraka. Kipande kilichokatwa hakirudi. Ukiondoa upande wa kulia, upande wa kulia haumei upya. Kinachotokea ni kwamba upande uliobaki unavimba kwa seli mpya mpaka unatosha kufanya kazi ya ini zima. Likumbuke hilo, kwa sababu baadaye lilikuja kuwa silaha.

Sasa damu. Ini la mtu mzima lina uzito wa takribani kilo 1.5, na kila dakika hupitiwa na karibu lita 1.5 za damu, yaani kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Inaingia kwa njia mbili: ateri ya ini, na vena ya porta inayokusanya damu ya matumbo na wengu na kuleta karibu robo tatu ya damu hiyo. Inatoka kwa vena kubwa tatu zinazomwaga moja kwa moja kwenye vena kava, mshipa mkuu unaorudi moyoni. Mwili mzima una damu ya lita 5 hivi. Piga hesabu mwenyewe mpasuaji ana dakika ngapi mambo yakiharibika.

Na nyama yenyewe ni laini. Ukifunga mshono wa kawaida kwenye ini na kukaza, uzi unapita ndani yake na kuikata. Mishipa mikubwa imejificha ndani, huioni mpaka umeshaikata. Vena za ini zina kuta nyembamba zilizoshikamana na nyama inayozizunguka, kwa hiyo zikikatwa hazijikunji kama ateri ya mguu. Zinabaki wazi, zinamwaga. Mguu unaweza kuufunga kamba juu ya kidonda. Ini utalifunga wapi?

Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu visa vya mtu kukatwa ini na kupona vilikuwa vya ajali na vita: mtu kachomwa kisu au upanga, kipande cha ini kimechomoza nje ya tumbo, tabibu anakikata kwa kuwa hana jinsi nyingine. Upasuaji wa kupanga ulilazimika kusubiri nusukaputi, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1846 huko Boston, na kanuni za Joseph Lister za kuua vijidudu, alizozitangaza mwaka 1867. Kabla ya hayo, kufungua tumbo la mtu kwa hiari kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo.

Milango ilipofunguka, watu walikimbilia ini haraka kuliko unavyodhani. Mwaka 1888 Carl Langenbuch wa Berlin, ambaye miaka sita kabla alikuwa mtu wa kwanza kutoa kifuko cha nyongo, alitoa taarifa ya mwanamke aliyemkata sehemu ya upande wa kushoto wa ini. Baada ya operesheni mgonjwa alianza kuvuja damu, ikabidi arudishwe mezani kufungwa mishipa, na akapona. Hicho ndicho kisa kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha kukata ini kwa mpango na kufanikiwa. Kufikia mwaka 1899, William Keen wa Philadelphia aliweza kukusanya visa 76 vya uvimbe wa ini uliokatwa sehemu mbalimbali duniani. Mwaka 1896 Kousnetzoff na Pensky walipendekeza sindano butu na mishono ya kupitisha uzi ini zima, mmoja baada ya mwingine, ili kulibana kabla ya kukata. Wengine walichoma kwa chuma cha moto.

Hivyo si kweli kwamba ini liliachwa kabisa. Ila waliyafikia maeneo ya pembeni tu, uvimbe unaoning'inia ukingoni. Aliyeingia katikati alikutana na mishipa mikubwa, na kwa kawaida mgonjwa hakutoka.

Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow aliandika kuhusu watu waliopasuka ini kwa ajali. Wale aliowapasua walifariki wote. Hata hivyo alikuwa ameona kitu alipokuwa ndani ya tumbo, akakijaribu kwa sungura, na sungura wakaishi. Mbinu yake hadi leo inaitwa kwa jina lake, na ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuonyeshwa katika operesheni yake ya kwanza. Kati ya ini na utumbo kuna utepe wa nyama ambao ndani yake hupita ateri ya ini, vena ya porta na mrija wa nyongo. Nyuma ya utepe huo kuna tundu la asili. Unaingiza kidole cha shahada tundu hilo, dole gumba linabaki mbele, unabana. Damu yote inayoingia kwenye ini imekatika. Unaisikia ateri ikidunda kwenye ncha ya kidole, kisha kimya, na ini linaanza kupoteza wekundu wake na kulegea. Leo tunazungusha mkanda laini na kuukaza, tunabana dakika 15 na kuachia 5, mara kadhaa, ili ini lisife kwa kukosa hewa.

Mtu aliyechapisha vifo vya wagonjwa wake na bado akawapa wenzake njia ya kuokoa wa kesho ninamheshimu sana. Lakini mbinu ya Pringle inafunga mlango wa kuingilia tu. Vena za ini hazina vali. Ukizikata, damu ya vena kava inarudi nyuma na kumwagika jeraha lilipo. Nusu ya tatizo ilibaki palepale, na nitairudia.

Tuje kwenye ramani, ambayo ndiyo moyo wa jibu langu.

Ini ukilitazama kwa mbele unaona utando unaoligawa: kulia pakubwa, kushoto padogo. Vitabu vyote viliuita mpaka huo mgawanyo wa ini, na kwa macho hakuna sababu ya kubisha. Mpaka huo ni wa juujuu. Ndani, mishipa haiufuati. Mpasuaji aliyekata kwa kufuata umbo la nje alikuwa akikatiza mashina ya mishipa bila kujua, na hata mgonjwa akinusurika damu, aliachiwa vipande vya ini visivyo na mshipa wa kuvilisha au mrija wa kutolea nyongo. Vipande hivyo vilioza. Nyongo ilivuja. Usaha ukafuata.

Francis Glisson wa Uingereza alikwisha kuanza kufuatilia mishipa ya ndani ya ini katika kitabu chake cha mwaka 1654, na utando unaofunika ini na kuisindikiza mishipa ndani yake bado una jina lake. Halafu kazi hiyo ikalala kwa zaidi ya miaka 200.

Aliyeiamsha kwa namna inayonigusa zaidi ni James Cantlie, daktari wa Uskoti aliyefanya kazi Hong Kong, ambaye pia alikuwa mwalimu wa Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China. Katika uchunguzi wa maiti alikuta ini la ajabu: upande mmoja ulikuwa umekauka na kusinyaa kwa ugonjwa, upande wa pili umenenepa kupita kiasi. Wengine wangeandika tu kwamba ini limeharibika na kuendelea. Cantlie alijiuliza kwa nini uharibifu umekoma hapo ulipokoma. Mpaka kati ya nyama iliyokufa na iliyo hai haukuwa pale penye utando wa mbele. Ulipita mbali kulia, kutoka kwenye kifuko cha nyongo hadi kwenye vena kava kwa nyuma. Akachukua maini mengine, akapitisha rangi kwenye mishipa ya kulia na ya kushoto, na rangi zikakutana kwenye mstari uleule. Alichapisha haya mwaka 1897 na 1898. Hugo Rex wa Prague alikuwa ameona jambo linalofanana miaka kumi hivi kabla yake.

Katika maiti ile mna majibu mawili kwa pamoja: ini lina nusu mbili zinazojitegemea, na nusu moja ikifa nyingine hukua kuziba pengo. Ukiwa chumba cha upasuaji siku moja, omba kusimama karibu wakati mpasuaji anafunga mishipa ya upande wa kulia. Muda mfupi tu, upande huo unageuka rangi na kuwa zambarau iliyofifia, na mstari unajichora wenyewe juu ya ini, kutoka kwenye kifuko cha nyongo kwenda nyuma. Hakuna aliyeuchora. Ndio mstari wa Cantlie.

Miaka ya 1930, huko Hanoi, daktari kijana aitwaye Tôn Thất Tùng alikuta katika maiti ini ambalo mirija yake ya nyongo ilikuwa imejaa minyoo ya matumbo. Minyoo ilikuwa imeitanua mirija hiyo kiasi cha kuweza kufuatiliwa kwa jicho. Akaanza kukwangua nyama ya ini na kuacha mirija na mishipa, na akaendelea hivyo kwa maini zaidi ya 200. Matokeo yake aliyatoa mwaka 1939. Miaka ya 1960, nchi yake ikiwa vitani, aliueleza ulimwengu namna yake ya kukata ini: banua nyama kwa vidole. Nyama laini inasagika, lakini mishipa na mirija, kwa kuwa ni migumu zaidi, inabaki kama nyuzi kati ya vidole, nawe unaifunga mmoja mmoja kabla ya kuikata. Udhaifu wa nyama ya ini, uliowatesa watu kwa miaka mingi, yeye aliugeuza kuwa njia. Vifaa vya kisasa vya mawimbi ya ultrasaundi vinavyofyonza nyama na kuacha mishipa vinafuata wazo hilohilo.

Kisha Claude Couinaud, Paris. Alijaza plastiki ya maji ndani ya mishipa ya maini ya maiti, akaiacha igande, akayeyusha nyama kwa asidi. Kilichobaki ni mti wa mishipa peke yake, wa rangi tofauti kwa kila aina ya mshipa. Alitengeneza miti hiyo kwa wingi, na mwaka 1957 akatoa kitabu kinachoonyesha kwamba ini lina sehemu nane. Kila sehemu ina tawi lake la vena ya porta, tawi lake la ateri na mrija wake wa nyongo. Vena za kutolea damu hazimo ndani ya sehemu hizo. Zinapita kati yake, zikipishana na mishipa ya kuingizia kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Wenzake wa Marekani, Healey na Schroy, walikuwa wametoa mgawanyo wao mwaka 1953 kwa kufuata mirija ya nyongo, lakini namba za Couinaud, 1 hadi 8, ndizo zilizoshika. Ukisikia kwenye chumba cha picha mtu akisema "uvimbe uko sehemu ya sita," anazungumza lugha ya Couinaud.

Ramani ilipopatikana, kisu kilifuata. Kitabu baada ya kitabu vinasema kwamba mtu wa kwanza kuondoa nusu yote ya kulia kwa kufunga kwanza mishipa yake alikuwa Jean-Louis Lortat-Jacob, Paris, mwaka 1952. Kazi yake ilikuwa kubwa na ndiyo iliyosambaa. Lakini Ichio Honjo wa Kyoto alikuwa ameifanya mwaka 1949, akaandika kwa Kijapani, na taarifa yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1955. Wanafunzi wangu huwa nawataka wayataje majina yote mawili.

Usidhani hapo mambo yakawa mazuri. Mwaka 1977 Foster na Berman wa Marekani walikusanya operesheni zaidi ya 600 za kukata ini kutoka hospitali nyingi: waliokufa walikuwa asilimia 13, na kwa operesheni kubwa walizidi asilimia 20. Mtu mmoja kati ya watano. Ramani ilikuwepo kitabuni, ila ilibidi ifike kwenye ini la mgonjwa huyu, leo, ambaye mishipa yake haifanani kabisa na ya jirani yake. Picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili kwa eksirei na kompyuta, zilisaidia. Masatoshi Makuuchi wa Japani alisaidia zaidi: aliweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe wakati tumbo liko wazi, akachoma sindano kwenye tawi la porta la sehemu anayoitaka, akaingiza rangi ya bluu, na sehemu hiyo ikajitokeza juu ya ini na mipaka yake yote.

Na ile nusu ya tatizo aliyoiacha Pringle, damu inayorudi kutoka vena kava, ilitatuliwa na watu wa nusukaputi. Zamani mgonjwa wa ini alijazwa maji ya mishipa mapema kwa kuhofia kwamba atapoteza damu nyingi. Maji hayo yalizijaza vena, na vena zilizojaa zikikatwa zinamwaga zaidi. Miaka ya 1990 ilionyeshwa wazi kwamba ukimnyima maji mengi mpaka kipande kitoke, na kuweka shinikizo la vena kuu chini, damu inayopotea hupungua sana. Haikuhitaji kifaa kipya. Ilihitaji watu wawili, mpasuaji na mtu wa nusukaputi, mmoja kila upande wa pazia la chumba cha upasuaji, kuaminiana. Katika vituo vikubwa vifo vilishuka chini ya asilimia 5.

Upandikizaji una historia yake ndefu, nitaigusa tu pale inapokutana na swali lako. Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza mtu ini kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1963, huko Denver. Mtoto wa miaka mitatu alifariki mezani, kwa damu. Wengine waliofuata mwaka huo hawakumaliza mwezi, na kazi ikasimamishwa hadi 1967, mwaka ambao mtoto aliyepandikizwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja. Dawa ya saiklosporini, ambayo Roy Calne wa Cambridge aliitumia kwa binadamu kuanzia 1978, ndiyo iliyofanya mwili ulikubali ini la mtu mwingine kwa muda mrefu. Lakini kumkata mzazi mzima kipande cha ini na kumpa mwanawe kusingewezekana bila zile sehemu nane. Silvano Raia alijaribu São Paulo mwaka 1988. Mwaka 1989 Russell Strong, Brisbane, alichukua kipande cha kushoto cha ini la mama akampa mwanawe, na mtoto akaishi. Japani iliiendeleza njia hii kwa nguvu, maana sheria yake ya kupokea viungo vya waliokufa ubongo haikupitishwa hadi mwaka 1997. Watoaji wachache duniani wamefariki kwa operesheni hii. Ninalitaja hilo kila ninapozungumza na familia, kabla ya kutaja faida yoyote.

Sasa nirudi kwenye kukua tena, ambako ulianzia. Siku hizi damu si adui wa kwanza. Anayekufa baada ya kukatwa ini mara nyingi anakufa kwa sababu kilichobaki ni kidogo mno na kimeshindwa kufanya kazi kabla hakijakua. Kwa ini lenye afya tunataka ibaki angalau asilimia 20 hadi 25 ya ini zima. Kwa lililochoshwa na dawa za saratani, asilimia 30. Kwa lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, 40, na hilo hata likibaki hukua kwa shida. Mgonjwa akiwa chini ya kiwango hicho, tunafanya kwa makusudi kile ambacho ugonjwa ulimfanyia yule maiti wa Cantlie. Makuuchi na wenzake wa Japani walianza miaka ya 1980: wanaziba tawi la porta la upande wenye uvimbe kwa sindano, upande huo unaanza kusinyaa, na ule wa pili, ambao ungali tumboni na wenye afya, unakua. Baada ya wiki nne hadi sita unapima ukubwa wake kwa CT, ndipo unapasua.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya operesheni mbili, iliyoandikwa Ujerumani mwaka 2012: unafunga porta ya upande mmoja na kulitenganisha ini papo hapo, kisha unarudi baadaye kutoa kipande kibovu. Kwa wagonjwa 25 wa kwanza, upande uliobaki ulikua kwa takribani asilimia 74 katika siku 9. Watatu kati yao walifariki. Mbinu imeboreshwa tangu hapo, na kuna wagonjwa wanaoihitaji, lakini mtu akiniuliza lipi nianze nalo kama saratani inaruhusu kusubiri, namwambia aanze na sindano na zile wiki sita.